Fahali wa Listra

Wasikilizaji wapendwa wa Iguhu, mnaijua thamani ya fahali. Akiingia uwanjani kupigana, kijiji kizima humfuata kwa ngoma za isukuti. Basi sikieni: katika Matendo ya Mitume 14, watu wa Listra walileta mafahali ili wawachinjie wanadamu wawili!

Paulo alikuwa amemponya kiwete. Watu wakadhani miungu wameshuka. Barnaba wakamwita Zeu. Paulo wakamwita Herme, mjumbe wa miungu, kwa kuwa ndiye aliyenena.

Kwa nini walikosea? Miungu wa Wayunani walisemwa hawafi, lakini walizaliwa. Zeu alimpindua Krono babaye, kisha akagawana milki na nduguze kwa kura: yeye mbingu, Poseidoni bahari, Hade kuzimu. Waliona wivu, walidanganya, walizini. Walikuwa kama wanadamu, ila wenye nguvu nyingi. Mungu akifanana hivyo na mtu, ni rahisi mtu kudhaniwa mungu.

Nyasaye, Muumba wetu, hakuzaliwa wala hagawani enzi. Kwa hiyo mitume walirarua mavazi yao, wakakataa.

Ndugu, leo fahali wako unampelekea nani? Tajiri? Mwanasiasa? Mhubiri? Nawe ukiletewa, utamrudisha?

Mungu awabariki.