Futiboli ya Vyuo Vikuu katika Uwanja wa Besiboli

Wamarekani wanapotaja futiboli, hawakusudii kabumbu tunayoicheza sisi. Wao husema habari ya mchezo mwingine, ambamo mpira wenye ncha mbili hubebwa mikononi, na timu hupata pointi kwa kuufikisha katika eneo la mwisho la wapinzani. Mchezo huu huchezwa sana na wanafunzi wa vyuo vikuu. Mara kwa mara vyuo hivyo huazima viwanja vilivyojengwa kwa ajili ya besiboli. Katika makala hii tunakusudia kueleza kwa nini uazimaji huo una matatizo.

Tuanze na umbo. Uwanja wa futiboli ni mstatili wenye urefu wa yadi 120, yaani karibu mita 110, pamoja na maeneo mawili ya mwisho. Upana wake ni karibu mita 49. Uwanja wa besiboli, kinyume chake, hauna umbo la mstatili. Mistari miwili huanzia mahali asimamapo mpigaji, ikaachana kwa pembe mraba, na nyasi hupanuka kama upepeo uliokunjuliwa hadi kwenye ukuta. Isitoshe, katikati pana kilima kidogo cha mrushaji, chenye kimo cha sentimita 25, ambacho hakina budi kusawazishwa kabla ya futiboli kuchezwa. Watazamaji nao hupata taabu: viti vilielekezwa kwa mpigaji, basi wengine hujikuta mbali na mchezo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa Wrigley Field, mjini Chicago. Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 1914, na ukuta wake wa matofali umefunikwa na mimea itambaayo tangu mwaka 1937. Timu ya kulipwa ya Chicago Bears iliutumia kwa futiboli toka 1921 hadi 1970. Tarehe 20 Novemba 2010, Chuo Kikuu cha Northwestern, ambacho kipo Evanston, kaskazini ya Chicago, kilikaribisha humo Chuo Kikuu cha Illinois. Mstatili ulilazwa kutoka magharibi hadi mashariki. Ulienea kwa shida: eneo la mwisho la mashariki liligusana karibu kabisa na ukuta. Ukuta ulivikwa magodoro. Lakini mchezaji akimbiaye kwa nguvu zake zote huhitaji hatua kadhaa za kupunguza mwendo, na hatua hizo hazikuwapo.

Siku moja kabla ya mchezo, wakuu wa mashindano waliamua jambo la ajabu: timu zote mbili zishambulie upande wa magharibi tu. Kila mpira ulipobadili mikono, timu ziligeuzwa. Je, hatari ilikwisha? La. Mlinzi anayenasa mpira wa wapinzani hukimbia kinyume cha mashambulizi yao; na kweli, mchezaji mmoja wa Northwestern aliunasa mpira akapata pointi upande ule ule wa mashariki. Illinois ilishinda kwa 48 kwa 27.

Msomaji atauliza: kwa nini kujitia katika dhiki hiyo? Sababu ni sifa ya mahali, kumbukumbu za zamani, na mapato ya umati wa mji mkubwa. Lakini tusisahau ni nani aliyekabili ukuta. Ni wanafunzi, ambao kwa kanuni za wakati huo hawakuruhusiwa kulipwa mshahara kwa kucheza. Faida ilikuwa ya wengine, hatari ilikuwa yao.

Wahenga walinena: nguo ya kuazima haisitiri matako. Hata hivyo nguo yaweza kushonwa upya. Northwestern ilirudi Wrigley Field tarehe 20 Novemba 2021, baada ya uwanja kukarabatiwa na nafasi kuongezwa. Safari hiyo ilishindwa na Purdue kwa 32 kwa 14, lakini timu zilishambulia pande zote mbili, kama sheria itakavyo.

Kwa kumalizia, tuseme kwamba uwanja ni sehemu ya sheria za mchezo. Mahali pakipungua, ama sheria itapindwa, ama mwili wa mchezaji utaumia. Kwa hiyo ni wajibu wa wakuu kupima nafasi kwanza, ndipo waalike watazamaji.