Mbunge hawezi kufuta hukumu ya hakimu

Mama mmoja wa kikundi chetu, mjane, alishindwa mahakamani juu ya parseli aliyoachiwa na mumewe. Hakutuambia. Alianza kupanda na kushuka mitaa ya Bukavu akimtafuta mbunge wa kwao, akiamini kwamba mkubwa huyo akipiga simu moja tu, hukumu itafutwa. Alipokuja kwetu, zile siku 30 ambazo sheria inatoa za kukata rufaa katika kesi ya namna hiyo, tangu mtu kuletewa hukumu rasmi, zilikuwa zimekwisha.

Wamama wapenzi, tulisikitika sana, na ndiyo sababu tunaandika haya.

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 iligawanya kazi. Bunge la Taifa na Seneti wanatunga sheria na kuchunguza serikali. Raisi na serikali wanatekeleza. Mahakama inahukumu. Kifungu cha 151 kinasema wazi: serikali haiwezi kumpa hakimu amri katika kesi, na Bunge haliwezi kubadilisha hukumu iliyotolewa. (Tunajua simu hupigwa hata hivyo. Lakini anayeipiga anavunja Katiba, na wewe uliyeiomba huna karatasi yoyote mkononi.)

Tusiseme basi kwamba wabunge hawana nguvu. Tarehe 27 Januari 2021, wabunge 367 walipiga kura ya kumwondoa Waziri Mkuu Sylvestre Ilunga Ilunkamba, na baada ya siku mbili akajiuzulu. Serikali nzima ikaanguka. Lakini wote hao 367, hata wangekaa pamoja usiku kucha, hawangeweza kumrudishia mama yetu parseli yake.

Kwa mbunge tunapeleka jambo la sheria yenyewe. Zamani mke aliyeolewa alihitaji ruhusa ya mumewe ili afanye mambo mengi mbele ya sheria. Mwaka 2016 Bunge lilibadilisha Kanuni ya Familia na kuondoa ruhusa hiyo. Hiyo ndiyo kazi ya kumwombea mbunge, na hapo tumsumbue kabisa.

Hukumu inapelekwa kwa hakimu wa juu, na kabla siku hazijaisha. Mama mwenye kuletewa karatasi ya mahakama aandike juu yake tarehe aliyoipokea, kisha aende siku ile ile kwa karani wa mahakama au kwa wakili. Asiyejua kusoma Kifaransa aje nayo kwetu, tutamsomea.