Kubadili Kufuli Bila Kuwafungia Nje Walinzi

Kila askari aliyepata kushika lindo usiku ajua thamani ya neno la siri. Likivuja, halina budi kubadilishwa. Lakini likibadilishwa pasipo kuiarifu doria iliyo porini, wenzetu hurejea alfajiri wakapokewa kwa risasi.

Mashaka hayo ndiyo yaliyowakabili walinzi wa kompyuta kubwa, zile zitunzazo mishahara, hesabu za benki na rejesta za polisi. Nyingi za IBM hulindwa na programu iitwayo RACF, iliyotolewa mwaka 1976. Programu hiyo huhifadhi maneno ya siri kwa fumbo, na kwa miaka mingi fumbo lake lilikuwa DES, kanuni iliyopitishwa Marekani mwaka 1977. Mwaka 1998 mashine iliyoundwa mahsusi ililifumbua fumbo la DES kwa muda usiotimia siku tatu. Wala hatari si ya kubuni: mwaka 2012 wavamizi waliingia katika kompyuta kubwa za Denmark zilizokuwa na kumbukumbu za polisi.

Je, maelfu ya watumishi wangeamriwa kubadili maneno yao kwa siku moja? La hasha! Kazi ingesimama. Njia mpya, KDFAES, iliyomo katika mfumo wa z/OS 2.2 wa mwaka 2015, ilikuja kwa hekima. Kwanza, kompyuta zote zinazotumia hifadhi moja huandaliwa, ndipo amri itolewe. Baada ya amri, neno la zamani huendelea kukubaliwa kwa DES. Mwenyewe atakapolibadili, jipya huhifadhiwa kwa KDFAES. Msimamizi asiyetaka kungoja aweza kulifunika fumbo la zamani kwa lile jipya, bila mtumiaji kubughudhiwa. Kwa makusudi, kanuni hiyo hukifanya kila kisio kuwa kazi nzito, hata mwizi wa hifadhi achelewe sana.

Lakini tusidanganyike. Subira hiyo ina gharama yake: neno lisilobadilishwa wala kufunikwa hubaki nyuma ya kufuli kuukuu. Kwa hiyo kiongozi mwema huhesabu waliosalia, kama ahesabuvyo silaha ghalani, hadi asibaki hata mmoja. Na wewe, ndugu askari, ukiliweka jina lako kuwa neno la siri, hakuna fumbo litakalokuokoa. Ulinzi huanza kwako.