Kufundisha Uhusiano wa Volteji, Mwendo na Joto kwa Mfano wa Kompyuta

Mwanafunzi wa shule ya msingi aliyekwisha kusoma somo la umeme huweza kutaja kwamba volti ni kipimo cha msukumo wa umeme. Lakini akiulizwa kitatokea nini msukumo huo ukiongezwa, mara nyingi hujibu kwamba chombo kitafanya kazi vizuri zaidi. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Makala haya yanaonyesha jinsi ya kufundisha nusu ya pili kwa mfano mmoja, nao ni kuiongezea prosesa ya kompyuta mwendo kupita kiwango cha kiwandani na kurekebisha volteji kwenye bodi mama ili iumudu mwendo huo.

Maelezo ya msingi

Ndani ya prosesa mna transista nyingi mno, na kila moja ni swichi ndogo sana. Swichi hizo hufuata mapigo ya umeme yaliyopangwa sawasawa. Mapigo milioni moja kwa sekunde ni megahezi moja. Bodi mama hutoa mapigo ya msingi, na prosesa huyazidisha kwa kizidishi chake. Bodi mama pia ndiyo inayopunguza umeme unaoingia, ambao katika kompyuta za leo ni volti 12, hadi volti moja hivi inayoifaa prosesa.

Tuchukue prosesa ya Celeron 300A, iliyotolewa na kampuni ya Intel mwaka 1998. Mapigo yake ya msingi yalikuwa megahezi 66, kizidishi 4.5, na volteji 2.0. Mwendo wake ulikuwa takriban megahezi 300. Watumiaji waliokuwa na bodi mama zinazofaa waliyapandisha mapigo ya msingi hadi 100, wakapata megahezi 450. Baadhi ya prosesa hizo ziliumudu mwendo huo bila badiliko jingine. Nyingine zilihitaji kuongezewa volteji kidogo.

Hatua ya kwanza: onyesho la maji

Mwalimu aweke ndoo ya maji juu ya dawati. Mpira mwembamba utoe maji kwenye ndoo hadi katika kopo lililotiwa alama sakafuni. Mwanafunzi mmoja apige makofi kwa vipindi sawa, na kopo litazamwe kofi la kumi likifika. Makofi yakiwa ya polepole, maji yatafika kwenye alama. Yakiharakishwa, kofi la kumi litafika kabla ya maji. Sasa ndoo ipandishwe juu zaidi, na kiasi cha maji ndani yake kiwe kilekile cha awali. Maji yatatoka kwa nguvu na kuiwahi alama.

Makofi ni mapigo ya kompyuta, urefu wa ndoo ni volteji, na kopo ni transista inayojazwa umeme. Wanafunzi wataona wenyewe kwa nini mwendo ukizidi kompyuta hukosea au hukwama, na kwa nini volteji huweza kuiponya.

Hatua ya pili: hesabu ubaoni

Onyesho la maji lina upungufu mmoja mkubwa: halionyeshi joto. Mwalimu akiishia hapo, atakuwa amefundisha faida na kuificha gharama. Kwa hiyo aandike ubaoni kanuni hii: nguvu inayotumiwa na swichi za prosesa, ambayo hugeuka kuwa joto, hufuata mwendo mara volteji mara volteji.

Mwendo ukitoka 300 hadi 450, volteji isipobadilika, joto ni mara 1.5. Volteji ikitoka 2.0 hadi 2.2, hesabu ni 1.5 × 1.1 × 1.1, yaani mara 1.815. Nyongeza ya sehemu moja tu katika kumi ya volteji imeongeza joto kwa zaidi ya sehemu mbili katika kumi.

Hatua ya tatu: utaratibu wa kurekebisha

1. Andika viwango vya mwanzo vya mwendo, volteji na joto.
2. Ongeza mwendo kidogo, kisha ipe kompyuta kazi nzito.
3. Ikikwama, pima joto kwanza. Ikiwa joto limezidi, kuongeza volteji kutaidhuru prosesa. Boresha upoozaji au punguza mwendo.
4. Ikiwa joto ni la kiasi, ongeza volteji kwa hatua ndogo, kama 0.01 au 0.02, na ujaribu tena.
5. Usibadilishe mambo mawili kwa pamoja, maana hutajua ni lipi lililoleta matokeo.
6. Usivuke kikomo kilichowekwa na mtengenezaji.

Kikomo hicho si cha kupuuzwa. Mwaka 2023 baadhi ya prosesa za Ryzen 7000 za kampuni ya AMD ziliungua zikiwa katika bodi mama. AMD ikatoa marekebisho yaliyozuia volteji ya sehemu inayohudumia kumbukumbu isizidi 1.3. Prosesa iliyoungua haitengenezeki. Kwa sababu hiyo kompyuta ya shule isifanyiwe majaribio haya. Ndoo, kopo na ubao vyatosha.

Zoezi

Prosesa ya megahezi 3,000 na volti 1.2 imepandishwa hadi megahezi 3,600 na volti 1.32. Joto limekuwa mara ngapi ya lile la kwanza? Jibu ni mara 1.452. Mwanafunzi atakayelipata na kueleza kwa nini volteji imehesabiwa mara mbili, huyo amelielewa somo.