Hadithi Nyepesi Katika Kujifunza Kihispania

Mwanafunzi anayeanza kujifunza Kihispania kwa kawaida hupewa vitu viwili: orodha ya maneno na jedwali la vitenzi. Vyote vina manufaa, lakini havimwonyeshi lugha ikifanya kazi. Akikabidhiwa Don Quixote, riwaya ya Cervantes iliyotolewa kwa sehemu mbili mwaka 1605 na 1615, hukwama katika ukurasa wa kwanza. Kati ya hayo ipo hadithi nyepesi, yaani kisa kilichotungwa kwa maneno machache yanayorudiwarudiwa.

Njia hii si ngeni. Katika miaka ya 1920 Michael West, aliyekuwa akifanya kazi ya elimu huko Bengal, alitunga vitabu vya Kiingereza ambavyo maneno mapya yaliingizwa machache machache na kurudiwa mara nyingi. Baadaye Warwick Elley na Francis Mangubhai walisambaza vitabu vya hadithi katika shule za msingi za vijijini visiwani Fiji. Matokeo waliyoyatoa mwaka 1983 yalionyesha kuwa wanafunzi hao waliendelea katika kusoma Kiingereza kwa kasi ya karibu mara mbili ya kawaida.

Sababu yake yaweza kuelezwa kwa hesabu. Uchunguzi wa Hu na Nation wa mwaka 2000, uliohusu wasomaji wa Kiingereza, ulionyesha kuwa msomaji huhitaji kujua kiasi cha asilimia 98 ya maneno ili aelewe hadithi bila msaada. Katika ukurasa wa maneno 250, hayo ni maneno mageni 5 tu. Akijua asilimia 80, mageni huwa 50, na kisa hupotea.

Tutazame mfano: «Marta tiene un gato. El gato tiene hambre. El gato busca a Marta.» Maana yake: Marta ana paka. Paka ana njaa. Paka anamtafuta Marta. Neno gato limetokea mara tatu na tiene mara mbili, bila kukaririshwa. Tena msemaji wa Kiswahili hung'amua mara moja kuwa Kihispania nacho husema kiumbe «ana njaa».

Hadithi hufafanua hata sarufi ngumu. Katika sentensi «Llovía cuando Marta llegó», yaani mvua ilikuwa ikinyesha Marta alipofika, llovía hueleza hali iliyokuwa ikiendelea na llegó tukio lililotimia. Jedwali huyataja maumbo hayo. Kisa huonyesha kwa nini yote mawili yanahitajika.

Hata hivyo, kusoma peke yake hakumfundishi mtu kuzungumza, na hadithi isiyovutia huchosha kama orodha. Mwanafunzi aliyeizoea ngazi moja yampasa apande nyingine.

Mwalimu aweza kukipima kitabu hivi: mwanafunzi asome maneno 100 na kutia alama kwa yale asiyoyajua. Yakiwa 2 au pungufu, asome peke yake. Yakiwa 3 hadi 5, asome pamoja na mwalimu. Yakizidi hapo, kitabu kiwekwe kando mpaka muhula mwingine, wala mwanafunzi asihesabiwe kuwa mzito wa lugha kwa sababu alipewa kitabu kabla ya wakati wake.