Miche ya maua ya pinki: soko lipo, hesabu zinapishana

Kimuli, wilayani Kyerwa, kahawa ikishauzwa, bati jipya haliji peke yake. Nyumba ikiezekwa, mwenyewe huanza kuulizia mti wa uwanjani, na wengi siku hizi wanataka wenye maua ya pinki. Jina hawana, wana picha kwenye simu. Kazi ya kujua kama ni bauhinia, tabebuia, bogenvilia au olianda inabaki kwa muuza miche.

Mama mmoja mwenye kitalu kando ya barabara anasema kinachomtia hasara si mchwa wala jua, ni miche ya bure. Yeye hujaza viriba mapema, halafu kiangazi chote, Juni hadi Agosti, analipa vijana wamchotee maji kwa madumu. Mvua za vuli zikishika, na lori la msaada linafika. Limebeba misonobari na migrivea, wala si maua, lakini mtu aliyepewa miche kumi bila senti haoni kwa nini alipie mmoja. Wenye vitalu wanaobaki sokoni wanapunguza bei mpaka gharama ya maji haimo tena. Anachoomba ni kwamba miche hiyo inunuliwe kwao wenye vitalu vya hapa hapa. Ni ombi la haki.

Ofisa mmoja wa wilaya haoni tatizo. Anashika lengo la kitaifa: kila halmashauri ipande miti 1,500,000 kwa mwaka, hivyo soko la miche, kwake, haliwezi kukosekana. Kwa hesabu hiyo Karagwe na Kyerwa, zilizogawanywa mwaka 2012, zingepanda 3,000,000 kila mwaka. Lakini kinachohesabiwa kwa urahisi ni mche uliotoka kitaluni, si mti uliopona. Fukua mche uliokauka na mara nyingine utakuta kiriba hakikuchanwa, mizizi imejizungusha ndani ya nailoni kama uzi kwenye kibiringo. Kwenye taarifa, huo nao ni mti.

Rangi ndiyo inayogombanisha muuzaji na mteja. Bauhinia ya mbegu huweza kumkalisha mtu miaka miwili au mitatu, kisha ikatoa maua meupe. Bogenvilia ya kipandikizi hufuata rangi ya mama yake, kwa hiyo mnunuzi mwerevu huomba kwanza kuuona mti uliokatwa vipandikizi. Tabebuia hupukutisha majani kiangazi na kuvaa maua matupu, inapendeza mno, ila inakuwa mti mkubwa. Kiwanja kidogo hakiiwezi, na isikaribie ukuta wala shimo la choo. Olianda ina sumu kuanzia jani hadi mzizi. Penye mbuzi na watoto, mimi nisingeipanda.

Ningenunua gliricidia. Pinki yake ni hafifu, lakini inarutubisha udongo wa kibanja, mbuzi wakiizoea wanaila, na kipande cha tawi kikichomekwa mvua ikiwa imeshika kinachipua.

Msimu ujao biashara huenda ikachangamka, kama bei ya kahawa itasimama. Ikishuka, ua ndilo la kwanza kufutwa kwenye bajeti ya nyumba, na aliyekwisha kuuza kahawa yake kwa butura, yaani ikingali mtini, hana cha kupeleka kitaluni hata bei ikipanda. Yule mama ameshaanza kupunguza viriba vya bauhinia na kuongeza vya parachichi.