Tuliyojifunza kwa wake zetu: posho, maneno na safari ya kurudi

(Muziki unashuka.)

Leo hatuna mgeni. Wengi mmeuliza nyumba inasimamaje posho inapopungua, nami nitajibu kwa kumtaja mama watoto wangu, ambaye nimeishi naye tangu 1988.

Tuanze na posho, maana ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa. Siku ya mgao mtu akiona gunia anaona chakula kingi. Mke wangu anaona siku. Unga ukiwa kilo 30 na mgao ni wa siku 28, basi kila siku ni kilo moja na kidogo tu, hata kama amekuja mgeni. Anapima kwa kopo lile lile, mbele yangu, ili nami nijue. Kisha kila jioni, kabla ya kusonga ugali, anatoa kiganja kimoja cha unga na kukiweka kwenye chungu pembeni. Kiganja kimoja watoto hawakioni. Viganja 28 ni ugali wa siku nzima, na siku hiyo inakuja pale mgao unapochelewa.

Kuna wakati lazima kuuza kidogo, tupate sabuni au dawa. Hilo si aibu. Kinachovunja nyumba ni kuuza kwa siri. Kwetu hakuna kitu kinachotoka kwenye gunia bila wote wawili kujua, yeye pia.

Halafu maneno. Nyumba ya turubai haifichi kitu, jirani anasikia na watoto wanasikia. Nikiwaka, yeye ananyamaza. Asubuhi ananiambia, "Baba, twende bombani." Tukiwa njiani na madumu, kila mmoja anatazama mbele, sauti zinashuka zenyewe. Madumu yakijaa, nusu ya jambo imekwisha. (Msinielewe vibaya: kunyamaza huku si kuvumilia kipigo. Anayepigwa aende ofisi ya ulinzi ya kambi, asingoje bomba.)

Sasa jambo zito, kurudi nyumbani. Mke wangu alikimbia Burundi 1972 akiwa na miaka minne. Tulikimbia pamoja 1993, na tena 2015. Amesharudi mara mbili, kwa hiyo maswali yake ni ya mtu anayejua njia. Shamba letu analima nani leo? Watoto watapokelewa darasa gani? Vyeti vyao vya kuzaliwa viko wapi?

Tangu Septemba 2017 Warundi wanasaidiwa kurudi kwa hiari kutoka Tanzania. Bado kuna waume wanaokwenda kuandikisha familia nzima, mke anapata habari jioni. Akina baba, hiari ni ya kila mtu mzima. Mke ana haki ya kupewa maelezo na kusema neno lake mwenyewe, hata faragha bila mume kuwepo. Akina mama, mkifika pale ombeni hivyo.

Sisi wawili bado hatujakubaliana. Mimi nataka turudi kabla ya mvua za kupanda. Yeye anataka kwanza jibu la shamba. Tumemtuma kaka yake akaulize kwa kiongozi wa mlima wetu, na mpaka alete jibu, majina yetu hayajaandikwa.

(Muziki.)